Natembea kushusha presha, kumbe wanangu walikuwa wananimalizia hatua

Wakuu, habari za majukumu. Humu huwa nasoma nikipita kimyakimya, leo nimeona niandike. Kisa ni changu na sijakitia chumvi.

Mimi ni mama wa mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wapo darasa la kwanza. Tunaishi Shinyanga mjini. Baba yao yuko mgodini Geita, anakuja kwa zamu, hivyo nyumba tunaiendesha mimi na wifi yangu Minza.

Kazi yangu ni ya kukaa. Ofisini kiti, kwenda na kurudi bodaboda.

Mwaka jana nikakutwa na presha. Daktari akasema nianze kutembea, la sivyo ataniandikia dawa za kila siku. Mama yangu mzazi aliondoka duniani kwa presha nikiwa bado msichana. Niliogopa, sitawaficha.

Nikaweka app ya kuhesabu hatua. Kila jioni nikishapika, navaa raba, simu nachomeka kifuani kama akina mama wote, natoka.

Sasa kutembea kwetu huku kuna mitihani yake. Mtu mwenye kazi akionekana anatembea kwa miguu, watu wanajua mambo yamemwendea kombo. Dereva wangu wa boda alinifuata taratibu, "Mama Kulwa, panda tu, leo nakusogeza bure." Na mtu mzima huwezi kumpita mbiombio. Unasimama, unaamkia, unaulizwa habari za nyumba nzima hadi za ng'ombe wa ukweni.

Ikabidi nizunguke sana ili nifikishe target. Nikirudi nakuta wanangu wamelala.

Baada ya muda mambo yakawa mepesi. Nawapa watoto simu waangalie katuni wakati napika, nikiichukua nakuta target imetimia. Nikajisemea kumbe ofisini nahangaika sana bila kujua. Siku hizo sitoki, tunakula pamoja, nawasikiliza wakisoma.

Nikarudi zahanati kifua mbele. Presha imepanda kuliko mwanzo.

Muuguzi akaniuliza kama natembea kweli. Nikamwonyesha simu. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Mama, hii simu inatembea. Wewe sijui."

Jioni ile nikachungulia uani. Doto anakimbia kuizunguka nyumba, simu kaichomeka kifuani ndani ya gauni la shule, kaishikilia isidondoke. Kulwa kakaa kwenye ngazi anasubiri zamu yake.

Nikawauliza wanafanya nini.

Kulwa akajibu bila wasiwasi, "Tunakumalizia hatua, mama. Zikiisha hutoki."

Nilizima jiko nikakaa chini. Niliumia sana. Mimi nilikuwa natembea ili nisiwaache kama mama alivyoniacha. Wao walichokuwa wanakiona ni mama anayeondoka kila jioni.

Wifi Minza akaniambia, "Wifi, si uende nao tu?" Jambo dogo hivyo, na mimi sikuwa nimeliwaza.

Sasa tunatoka watatu kabla ya chakula, hadi karibu na reli na kurudi. Doto anaokota mawe, Kulwa anapiga goti kuamkia kila bibi tunayekutana naye. Mwendo wenyewe wa kinyonga. Yule wa boda siku hizi anapiga honi tu na kupita.

Presha imeshuka kidogo. Daktari bado ananiangalia, dawa hajaandika.

Simu anabeba Doto, kagoma kuirudisha. Miguu yake mifupi, kwa hiyo app inanisifia kuliko ninavyostahili. Nimeacha kuitegemea.

Nilichojifunza ni kwamba wanangu nilipaswa kuwaambia natoka kwa sababu gani. Nilidhani ni wadogo, hawatanielewa.

Wazazi wenzangu mnaotembea jioni, watoto wenu wanasemaje? Tupeane uzoefu.

Wa kwangu, Kulwa, juzi tulipofika relini kaniuliza, "Mama, hatua zimeisha?"

Nikamwambia bado.

Akasema, "Basi tusirudi kwanza."