Glenys Pete Mbili

Kwa miaka ishirini na sita Glenys Tapscott aliuza spea za magari ya michezo ya zamani katika gereji moja mjini Abingdon, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akisoma jina la kampuni kwenye boksi la filta ya oili. Aliitoa boksini, akaipima uzito kiganjani, akachungulia matundu yake kama daktari anayechungulia koo la mtoto.

"Hii mikunjo imekunjwa na mlevi," alikuwa akisema, na kuirudisha rafuni. "Gari lako linaning'iniza filta kichwa chini kama popo. Ukiweka isiyo na ulimi wa mpira humu ndani, gari likilala oili yote inarudi chini, na asubuhi injini inakugongea kama mdai. Chukua hii. Na usinibishie, bwana, mimi si mkeo."

Wateja walicheka, wakachukua.

Wenye magari ya miaka ya mwanzo walikuwa na filta za namna nyingine: karatasi ndani ya kikombe cha chuma, na kikombe kinabana juu kwenye mfereji mwembamba wenye pete ya mpira. Pete hiyo ikikaa huko miaka miwili mitatu hukauka, ikawa ngumu na nyeusi, ikafanana na chuma chenyewe. Asiyeijua hudhani mfereji mtupu. Huweka pete mpya juu ya ile kuukuu, kikombe kikakaa upande, na oili ikishapata nguvu hutafuta njia ya kutokea. Kwa hiyo kaunta ya Glenys ilikuwa na sheria moja: lete pete ya zamani, uchukue mpya.

Aliyeivunja alikuwa bosi mwenyewe. Roland Pyecroft alikuwa na ulimi laini kwa wateja na haraka isiyoisha. Ijumaa moja alipitisha mkono juu ya kaunta, akanyakua pakiti ya pete mpya.

"Ya zamani iko wapi?" Glenys aliuliza.

"Niilete uipike supu? Duka langu, pete yangu, mama."

Jioni hiyo gari la mteja, lile alilolifungia pete hiyo, lilimwaga oili yote kwenye barabara ya Wantage na injini ikafa. Jumatatu Glenys alipofika kazini mteja alikuwa amesimama ofisini, na Roland ameshasema. Pete mbili, alisema, zilikuwa zimegandana ndani ya pakiti, na Glenys akamkabidhi yeye hivyo hivyo bila kutazama. Macho yake siku hizi, masikini. Pete zenyewe alikwisha kuzitupa. Kabla ya saa sita Glenys alikuwa barabarani na mkoba wake, na kabla ya wiki kuisha chama kizima cha wenye magari yale kilikuwa na jina jipya la kuchekea: Glenys Pete Mbili.

Barry, mumewe, aliacha kwenda kwenye mikutano ya chama baani. Hakusema kwa nini. Gari lake la kijani, alilolijenga kwa mikono yake msumari kwa msumari, alilifunika turubai, na likakaa hivyo hadi alipokufa, mwaka wa tano. Roland alikuja kwenye mazishi. Alikula mikate ya matango, akafuta vidole, kisha akamshika Glenys bega.

"Barry alikuwa mtu mwema," alimwambia. "Hata lile kosa lako, hakuwahi kukulaumu."

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Lakini Glenys aliyaangalia macho ya Roland siku ile akaona jambo baya kuliko kusahau. Roland alikuwa ameuamini uongo wake mwenyewe.

Baada ya hapo aliondoa turubai. Kila majira ya kuchipua alilala chini ya gari la kijani akabadilisha oili kwa mkono wake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgongo ukimlaani. Alirudi chamani, akakaa kiti cha nyuma. Walimwita jina lile mbele ya uso wake, akatabasamu. Hakutaka fidia wala kazi. Alitaka Roland aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu wale wale waliocheka. Basi. Na kwa kuwa mwenye haraka haachi haraka, alijua siku itakuja, akaingoja kwa miaka saba mingine, kama paka anavyongoja penye tundu.

Ilikuja Jumapili ya Septemba, siku ya maonyesho, kwenye uwanja wa kriketi nje ya mji. Magari arobaini yalipangwa juu ya nyasi, boneti wazi. Roland, sasa mwenyekiti wa chama, suruali nyeupe ya kitani na kofia ya majani, alikuwa anawafundisha wanachama wapya kubadilisha filta, kwa kutumia gari lake jekundu. Pembeni alisimama Alwyn Bascombe, mtu mpole wa miaka hamsini mwenye goti bovu, ambaye ndiye aliyekalia kaunta ya Glenys tangu alipofukuzwa.

"Pete Mbili!" mzee mmoja alipaza sauti. "Sogeza kiti mbele, mama, ujifunze!"

"Ahsante, mzee wangu," Glenys akasema, na akasogeza kweli, hadi mstari wa kwanza.

Roland alifungua kikombe, akamwaga, akafuta, akatia karatasi mpya. Alikuwa akisimulia jinsi alivyowahi kushindana na mtu hadi Oxford, na watu wakicheka. Alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, na Alwyn akamwekea pete.

"Bosi," Alwyn alinong'ona, "ya zamani umeitoa?"

"Alwyn, nilikuwa nabadilisha filta wewe ukiwa bado unabadilishwa nepi."

Glenys alisikia. Aliinama kidogo na akauona mfereji: mstari mweusi, mgumu, umelala mle kama nyoka baridi. Maneno manne yangetosha. Yalimpanda hadi kwenye meno. Akayameza, na yalishuka matamu.

Roland alikaza nati, akajaza oili, akaingia garini, akawapungia watu mkono kama mfalme. Injini ikawaka. Ilinguruma vizuri kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha oili ikaruka upande kama maji ya bomba lililopasuka, ikapiga nyasi, ikapiga viatu vya wa mbele, na Roland aliporuka kutoka baada ya kuzima, ikamalizia kwenye suruali yake nyeupe.

"Nyasi zangu!" mtunza uwanja alipiga yowe. "Mungu wangu, nyasi zangu!"

Watu wakaanza kucheka. Roland akageuka, uso umemwiva.

"Alwyn! Umenipa nini? Jamani, mnaona? Pete zinatoka kiwandani zimegandana mbilimbili, na mtu anapewa kazi ya kutazama tu, kutazama, hatazami!"

Alwyn alifungua mdomo. Akaufunga. Glenys aliujua mdomo ule. Ulikuwa wake miaka kumi na miwili iliyopita. Akasimama.

"Alwyn, fungua kikombe."

"Usiguse gari langu, Glenys."

"Gari lako silitaki. Nataka kilichomo."

Alwyn alimtazama bosi, akamtazama Glenys. Kisha akapiga goti lake bovu kwenye oili, akafungua. Pete ya juu ilitoka yenyewe, laini, inang'aa. Glenys alitoa mkobani msumari uliopindwa ncha, akachokoa mfereji, na ile ya chini ikatoka vipande vipande, vikavu kama ganda la mkate ulioungua. Akaviweka kiganjani pamoja na ile laini, akapita navyo mbele ya watu, mmoja mmoja.

"Gusa. Gusa na hii. Hizi zimetoka pakiti moja? Moja ina wiki. Hii nyingine ina umri wa mjukuu wako."

Kicheko kilikwisha. Mzee aliyempigia kelele alivua miwani, akaifuta.

"Glenys," Roland alisema kwa sauti ya chini, "sisi ni watu wazima. Tuzungumze pembeni."

"Ulinivunja katikati ya watu. Pembeni nikafanye nini? Sema."

"Nimesahau kuitoa. Basi. Binadamu husahau."

"Ipi?"

"Hii."

"Na ile ya barabara ya Wantage?"

Roland aliwaangalia watu, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia kwa jicho. Oili ilidondoka. Tone. Tone.

"Na ile," alisema.

"Sijasikia."

"Na ile! Mimi! Sikuitoa mimi!"

Glenys alirudi kitini. Furaha aliyoingoja miaka yote ile ilikuja kweli, moto, ikamjaa kifuani.

Baadaye Alwyn alimfuata, mikono myeusi kwa oili.

"Bosi anauliza kama una galoni ya oili. Hana ya kumfikisha nyumbani."

"Ninayo. Mwambie aite gari la kuvuta."

Alwyn hakuondoka. "Uliiona ile pete tangu mwanzo?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Mimi nimengoja miaka kumi na miwili. Yeye ameaibika dakika mbili."

"Hizo dakika mbili," Alwyn alisema taratibu, "zilikuwa zangu pia, Bi Glenys."

Hilo Glenys hakuwa ameliweka kwenye hesabu zake.

"Kweli," alisema. "Kwako wewe, naomba radhi. Kwako wewe tu."

Alwyn aliitikia kwa kichwa, akaenda kunawa. Gari la kuvuta lilichelewa saa mbili. Wanachama waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akipita kumpa Glenys mkono na kumwita Bi Tapscott, na Roland alikaa peke yake kwenye ukingo wa nyasi zilizochafuka, suruali imemgandia mapajani. Glenys angeweza kwenda nyumbani. Alivuta kiti chake kikamwelekea vizuri, akafunga vifungo vya koti kwa ajili ya upepo, na akakaa kumtazama hadi mnyororo ulipoinua pua ya gari jekundu.