Papa Nzabandora na Shimo la Kasho

Asubuhi nyingi Pierre Nzabandora huamka akiwa bado anatembea. Utamkuta ameketi mlangoni, kikombe cha uji mkononi, ukungu umefunika mashamba ya maharagwe hata huoni kilima kinaishia wapi, na macho yake yako mbali, kwenye barabara aliyoiota. Katika ndoto hiyo barabara inashuka, pana na kavu, kutoka kijijini kwetu mpaka hospitali ya kujifungulia ya Kashuga, na miguu yake haitoi sauti. Gari linapita polepole. Ndani ameketi Estelle, mke wa mwanawe, kitenge chake kisafi, anatafuna muwa na kumpungia mkono.

"Papa Pierre, leo umelota mupaka wapi?" majirani humtania.

"Mupaka ku maternité," hujibu bila kucheka.

Nasi hatucheki sana, maana tunajua. Mwaka juzi Estelle alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Wanaume walimbeba kwa kipoyi, machela yetu ya mianzi, na walipofika kwenye shimo ambalo madereva waliliita Kasho, yaani jela, kwa kuwa gari likiingia humo limefungwa, walizama mpaka mapajani. Mtoto alizaliwa pale pale, mabegani mwa watu, na hakulia. Pierre alikuwa ameshika ncha ya mbele. Tangu siku hiyo, akishapalilia muhogo wake, hubeba jembe na kwenda barabarani. Hakuna aliyemtuma. Huchimba mifereji, husukuma mawe, hurudi nyumbani kulala na kuota, na kesho yake mvua imekula kila kitu. Mimi ningekuwa nimeshaitukana mbingu. Yeye hunyoosha mgongo na kuanza tena.

Mwaka huu Estelle alipata mimba nyingine.

Tumbo lilipokuwa limekua, habari ikatangazwa kanisani kwamba Leta, ndivyo tunavyoiita serikali, inatuma wajumbe kutazama vijiji vyenye taabu kuliko vingine, ili ijue itengeneze barabara gani kwanza. Wengi waliona ni porojo. Leta tumeizoea redioni. Lakini Pierre alitoka ibadani amesimama wima, akamwambia kila aliyekutana naye kwamba safari hii tutaonekana.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu, ujinga wa watu waliolelewa vizuri. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu, nani asiyejua? Chifu akaita salongo, ile kazi ya pamoja, na kijiji kizima kikatoka. Kasho tukalilazia mianzi, juu ya mianzi nyasi, juu ya nyasi udongo mkavu, tukaukanyaga tukiimba nyimbo za kwaya. Wanawake walipanda maua kandokando. Pierre ndiye aliyesimamia, na jioni nilimwona akipita juu ya shimo lile huku na huku, macho nusu yamefumbwa, kama mtu anayeogopa kuamshwa.

Wajumbe walifika siku ya jua. Jeep zao zilipita juu ya Kasho bila hata kuyumba. Kiongozi wao, mama mmoja aitwaye Emérita, alizungumza vizuri. Alisema afya, shule, maji na chakula si zawadi ya mkubwa kwa mdogo. Ni haki ya kila mtu, na Leta inayojiheshimu huanza na wale iliowasahau. Tukapiga makofi. Kisha akatazama barabara na kutabasamu. Hakuwa mtu mbaya yule mama.

"Munatumika muzuri sana," alisema. "Barabara yenu iko sawa. Tutaanza na ya batu benye kuteseka kabisa."

Makofi yakafa. Chifu alitazama viatu vyake. Nani angesimama mbele ya wageni aseme tumewadanganya? Shida yetu tulikuwa tumeificha kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa kuimba. Wajumbe wakaanza kupanda magari.

Pierre alichukua jembe. Alitembea taratibu, kama anavyotembea asubuhi akiwa bado na ndoto yake, akafika Kasho kabla ya jeep na kuanza kuchimba. Aliutupa udongo, akafagia nyasi, akang'oa mwanzi mmoja baada ya mwingine, na matope meusi yakapanda juu.

"Pierre! Unatupatisha haya!" chifu alipiga kelele.

Mama Emérita alishuka garini. "Papa, juu ya nini unabomoa kazi yenu?"

"Mama, hii haiko barabara. Hii iko heshima," Pierre alisema. "Tuliitandika juu ya kupokea bageni. Barabara njo hii ya chini. Mujukuu wangu alikufia humu."

Mama Emérita aliinama. Alivua viatu, akampa dereva, akaingia. Matope yalimfika magotini, kisha yakapita. Alisimama humo ameshika kitenge chake, akitazama kilima na ukungu uliokuwa ukirudi juu yake. Halafu akauliza nani mwingine amepita hapa na mzigo wake. Ndipo wanawake walipoanza kusema: mmoja juu ya maharagwe yaliyooza kabla ya kufika sokoni, mwingine juu ya mwalimu aliyeondoka na hakurudi. Kila mmoja alikuwa na Kasho lake. Nikawaza kwamba Leta ingekuja hivi siku zote, wakati wa mvua, bila kutangazwa, bila viatu, isingetafuta pa kuanzia.

"Nimeona," Mama Emérita alisema mwishowe. "Nitayafikisha mupaka ku Kinshasa."

"Na mashini ya kutengeneza barabara itafika lini?" Pierre aliuliza.

Alisita. Ninamheshimu kwa kusita kule. "Sitakudanganya, Papa. Kama inaenda muzuri, mwaka kesho."

Pierre aligeuka kumtazama Estelle, aliyekuwa amesimama kando ya maua na mikono yake juu ya tumbo. Kisha akamnyooshea Mama Emérita mkono ili amvute.

"Aksanti, Mama. Sasa utoke mu shimo, nilifunike mbele ya mvua kunyesha. Estelle atazala juma hii."