Kaka aliwaita wabebaji wangu shaghalabaghala, mpaka tulipofika kwenye mteremko

Wakuu, salamu. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Juzi mtu aliuliza hapa maana ya shaghalabaghala. Wengi mlijibu: vitu vilivyochanganywa ovyo, visivyolingana. Ni kweli. Mimi nililisikia likisemwa juu ya watu, siku tuliyomzika mama.

Kwetu ni Mwanda, milimani. Gari la maiti liliishia kanisani. Kutoka hapo ni kijia chembamba kinachokata ubavu wa mlima mpaka nyumbani.

Mimi ni fundi viatu Voi. Marafiki watano walinisindikiza. Athumani mwenye duka, mrefu kama mlingoti, na kanzu yake. Mwingine mfupi, yuko na gumbuti, vile viatu virefu vya mpira. Na wengine hivyo hivyo, hakuna aliyelingana na mwenzake.

Kaka yangu mkubwa, anakaa Nairobi, akawatazama.

"Hawa shaghalabaghala umewatoa wapi? Mama atabebwa kwa heshima."

Alikuja na vijana wake sita, suti nyeusi, kimo kimoja. Walipendeza, siwezi kudanganya. Nikabeba msalaba, nikatangulia.

Lakini kijia kile, mguu wa huku uko juu, wa kule uko chini. Hatukufika mbali, jeneza likalalia upande wa bonde. Kijana mmoja akateleza. Nikasikia mama akisogea ndani.

Sauti hiyo bado ninayo.

Mama mdogo akapiga kelele: "Shusheni! Mnataka kummwaga dada yangu?"

Akawaita marafiki zangu. "Warefu upande wa bonde, wafupi upande wa mlima. Wewe wa kanzu, huku chini!"

"Naam, mama," Athumani akajibu, akikunja kanzu.

Alikosekana mfupi mmoja. Mama mdogo akamgeukia kaka. "Na wewe, kifupi changu, unangoja nini?"

Kaka akavua koti, akaingia.

Jeneza likatulia. Ungeweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Mama akafika nyumbani hivyo.

Baada ya mazishi, kaka alichukua jagi mwenyewe, akamnawisha Athumani mikono. Akawaambia wapakuaji, "Anzeni na hawa shaghalabaghala wetu."

Wetu. Nikatoka nje kidogo nikalia.

Nilichojifunza: kabla ya kumpanga mtu, angalia kwanza njia mtakayopita. Wale watano, Mungu awabariki. Na kaka pia.

Kwenu kwenye miteremko mnabebaje? Niambieni, nitasoma yote.