Mlima Niliouchagulia Mwezi

Safari ile ya kwenda kuuona mlima ilinigharimu magunia manne ya kahawa ya maganda na mbuzi mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi alikuwa na mimba, kwa hiyo andika wawili.

Ilikuwa miaka ile ambayo kijiji chetu cha Kanazi kilikuwa hakijapumua baada ya vita, ugonjwa ule wa kukonda nao ukaingia. Mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, amekonda. Hakuomba dawa. Aliomba kuiona theluji kabla ya kufa. Mwalimu mmoja niliyesoma naye alikuwa amehamia Moshi, akatuandikia: njooni Januari, mlima uko wazi, Julai hapa ni mawingu na baridi tu.

"Twende sasa, kaka," mdogo wangu alisema Januari hiyo. "Miguu bado ninayo."

"Ngoja kyanda," nilimjibu. Kyanda ndiyo miezi yetu ya jua, Juni na Julai, tunapoanika kahawa. "Mvua hii utaona nini?"

"Waitu! Wewe hata na mvua unapatana bei!"

Nilicheka. Kila mtu alijua nilivyo, kwa hiyo kisingizio kilinikaa vizuri. Ukweli ni kwamba Januari meli ya Mwanza ilijaa wachuuzi wenzangu wa kahawa, msimu umekwisha, hawana kazi ila kutazama watu. Wangemwona alivyokonda, wangejua ni ugonjwa ule. Baada ya hapo nani angepokea kahawa ya kutafuna kutoka kiganjani mwangu? Na kwetu, msipotafuna pamoja, biashara haianzi. Julai wote wangekuwa vijijini, hadi Kimwani huko, wananunua. Meli ingebaki na wasionijua.

Tukaenda Julai. Ngazi ya meli alipanda mgongoni kwangu. Nimebeba mizigo maisha yangu yote, uzito naujua bila mizani. Wa kwake sitautaja.

Moshi tulikaa siku sita. Kila asubuhi mwalimu alimwekea kiti nje, akamwonyesha kwa kidole ulipo mlima, na huko kulikuwa na ukungu mtupu. Siku ya sita mdogo wangu aliniuliza, "Kwenye meli ulikutana na mtu unayemjua?"

"Hapana."

"Basi mwezi uliuchagua vizuri," akasema, akajifunika kanga.

Alifariki kabla ya mvua za Septemba. Bintiye nikamlea mimi, na miaka yote nimemwambia kwamba mama yake aliuona mlima, mweupe hadi chini ya kilele. Sasa ana watoto wake, anataka kuwapeleka likizo, nami niwaonyeshe mahali bibi yao alipokaa. Jana ameniuliza, "Mjomba, mlienda mwezi gani? Nataka uleule."

Sijamjibu. Nikimtajia Julai, atakaa kwenye ukungu ule na ataelewa. Nikimtajia Januari, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, ila mlima atauona. Wewe unayesoma, ungemtajia mwezi gani?