Sista Rispa wa Ziwani na Gauni Jeupe la Shiru

Alizaliwa mtaa wa Ziwani mwaka 1957, binti wa Mzee Obura wa reli, akalia siku tatu mfululizo. Majirani walioapa kwamba mbinguni hawatapokea kelele zile ndio leo wanaomwomba awaombee. Rispa Akech alisomea uuguzi, akahudumu miaka thelathini, kisha akapata wito ambao hakuna malaika angeugombania: kuwafundisha watoto walioumia ajalini kuzuia haja kubwa tena. Vyombo vyake vilikuwa vibandiko viwili vya kuwekwa karibu na njia ya haja, waya, na skrini yenye samaki. Mtoto akibana msuli unaohusika, samaki hupanda, akilegeza, hushuka. Wenye midomo wakamwita Sista wa Choo. Aliitika, hata kanisani.

Mwaka 2022 aliletewa Shiru wa Makadara, mwenye miaka tisa. Pikipiki ilimgonga, nyonga ikavunjika. Mfupa uliunga, lakini haja ilimtoka bila yeye kujua. Shule akaiacha. Komunyo ya kwanza ilikuwa karibu, naye akakataa gauni jeupe. “Nitalichafua mbele ya Padri.” Mama yake, Jecinta, alikuwa amekwisha kumchapa, akidhani ni uvivu.

“Jecinta,” Sista alimwuliza, “mguu ukivunjika, unauchapa ndio utembee?”

Jecinta akalia, na fimbo ikaishia jikoni kuwasha jiko.

Hapo majaribu yakaanza. Wiki tatu samaki alilala chini kama amekodi nyumba huko. Shiru alikunja uso, mabega, hata vidole vya miguu.

“Unabana meno, mama,” Sista alimwambia. “Meno yamekosa nini? Pumua kwanza.”

Wiki ya nne samaki akaruka.

“Ni mashine, Sista?”

“Mashine ni kioo tu. Huyo ni wewe.”

Nyumbani alifanya mazoezi kila siku, na baada ya kila mlo alikaa chooni bila kuharakishwa. Nguo zilichafuka tena mara kadhaa. Jecinta alizifua bila kumgombeza.

Februari 2023, wiki mbili kabla ya komunyo, Sista Rispa alilala usingizi wa haki. Shiru akaomba kwenda mazishini, yeye mwenyewe akiwa amevaa lile gauni jeupe. Jecinta akabeba leso tatu za kumfunga akichafuka, moyo mkononi. Na mnajua mazishi yetu: walisema wa ukoo, wa chama, hata jirani aliyekopa sufuria. Saa ya pili ya hotuba Shiru akashika mkono wa mama yake. “Mum, nasikia inakuja.” Akatoka taratibu, akaenda msalani, akarudi akakaa. Gauni lilikuwa safi kama lilivyotoka kwa fundi. Jecinta akasema “Asante Yesu” kwa sauti iliyomnyamazisha msemaji, na huo watu wanauhesabu kuwa muujiza wa pili, baada ya ule wa samaki kuruka.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, Ziwani tumeshamaliza. Basi tumwige: kabla ya kumchapa mtoto, tuulize kinachomuuma. Nanyi wasemaji wa mazishini, fupisheni. Si waombolezaji wote waliofundishwa na Sista Rispa.