Jina ya Bazaliwa ba Pili

Wakati ya vita nilikuwa nachunga mashini za cyber moya, duka ya internet, pa Butembo: mashini sita, na sahani ya satelite juu ya mabati. Moyo yangu haikutulia hata siku moya. Mulango ukilia, naruka. Basoda balikuwa banaingia wakati bote, banasoma juu ya mabega ya batu.

Siku moya patron, mwenye duka, akaniita ku bureau. Kulikuwa komanda mumoya wa upande ingine, basoda ba hapa hawakutaka hata kusikia jina yake. "Funga kila paje ya internet yenye kuwa na ile jina," patron akasema. "Bakiikuta kwetu, batatufungia duka na sisi ndani." Nikaandika jina mu chujio ya mashini, dakika mbili tu, nikarudia ku chai yangu.

Sasa mujue desturi yetu Banande. Mutoto anapata jina kufuatana na zamu ya kuzaliwa: wa kwanza na yake, wa pili na yake. Jina ya komanda ilikuwa ya muanaume muzaliwa wa pili. Donc nilikuwa nimefungia karibu kila nyumba ya muji. Na mimi mwenyewe ni wa pili. Jina yangu naiandika kila siku, na sikufikiri hata kidogo. Nasikia haya mpaka leo.

Batu bakaanza kununa. Matokeo ya mitihani hayafunguke, matangazo ya parokia hayafunguke. Nikasingizia mvua, nikasingizia sahani.

Kati yao kulikuwa mama moya muuza maharagi, jirani ya mama yangu. Bwana yake alikuwa mu mashamba karibu na Oicha wakati vita ilipita kule. Tulisikia batu ba misaada banaandika majina ya bakimbizi ku internet, na ule mama wa maharagi akakamata ile habari na mikono mbili. Kila asubuhi anakuya, anasimama nyuma yangu, ananiita fundi wa bure, hajue kitu. "Angalia tena, mutoto yangu." Naangalia, mashini inasema paje haiko. "Haiko, mama." Anaenda, kesho anarudi.

Ile "haiko" ikaanza kuniwasha. Mwenzangu wa kazi alikuwa ku cyber ya Beni, na kule hakukuwa chujio. Nikatunga mpango: mashini yangu iandike kila anwani yenye inakataa, asubuhi nimusomee yote ku phonie, ile redio ya kuitana ya bachuruzi, naye afungue kwake. Yenye itafunguka Beni na kukataa Butembo, kosa ni letu.

"Kidole moya hakivunje chawa," akacheka, na tukaanza.

"Inafunguka," anasema. Namusomea ingine. "Inafunguka." Ingine tena. Tukafika ku ile paje ya bakimbizi ba Oicha, akaanza kuisoma. "Inafunguka, frère. Mais humu muko majina yetu sisi Banande tu, bazaliwa ba pili bamejaa."

Hapo njo nilielewa. Sikuuliza patron. Nikatoa jina mu chujio, nikafungua, na mama alikuwa amesha kusimama nyuma yangu.

Tulimupata bwana yake. Jina, kijiji alizaliwa, na jina ya mama mwenyewe kama bibi yake wa Butembo, yote sawa. Mama akashika kiti yangu na nguvu. Hapana kulia, alicheka kabisa, akanipiga ku bega. Kisha akaniambia nimusomee na maneno yenye ilikuwa kando, sababu ilikuwa ya Kifaransa na yeye hajue kusoma.

Nikasoma polepole: hakuna ndugu amekuya kumuulizia, amepelekwa mbele pamoja na bengine, ngambo ya mupaka, kambi haiyajulikana.

"Iliandikwa lini?"

Ningeweza kudanganya. "Lista iko hapa tangu wiki tatu, mama. Juzi njo balimupeleka."

Aliangalia ekran muda murefu, kama mutu mwenye kujua kusoma.

"Hakuna ndugu amemuulizia," akasema. "Na mimi nilimuulizia kila asubuhi. Nilikuuliza weye."