Pete ya Namba ya Wilfred

Wilfred Ogden hakukubali kamwe kwamba macho yake yameanza kumtupa mkono. Alisema taa za siku hizi hazina nguvu, watengeneza miwani ni wezi, na wino wa magazeti umepunguzwa makusudi. Mkewe Nora, aliyemvumilia miaka arobaini na moja, alimwongezea chai tu.

Ila kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba hapakuwa na wa kusingiziwa. Mpini wa mashine yake ya kukereza vyuma ulikuwa na pete ndogo yenye namba za kupimia, na namba zile sasa aliziona ukungu mtupu. Mara tatu alikata kupita kiasi akaharibu magurudumu ya treni ndogo ya mvuke, ile aliyoianza alipostaafu kiwandani. Akaapa kuiuza mashine. Bwana Pickles, mwenzake wa chama cha waunda treni ndogo, aliombwa aje kuiangalia Jumamosi.

Kabla ya hapo akajaribu jambo moja la mwisho. Alikereza pete mpya ya shaba, pana kama kifuniko cha kopo la biskuti, akachora mistari mia, na kila mstari wa kumi akaugongea namba kubwa. Kazi ya wiki mbili. Ijumaa akaifunga kwenye mpini, akazungusha. Tisini, themanini, sabini. Namba zilikuwa zinarudi nyuma.

Nora alipoleta chai alimkuta ameketi, kofia mikononi.

"Nimezigonga kinyume, Nora. Fundi mzima! Angekuwa mwanagenzi wangu ningemfukuza."

"Hebu nione. Zinapungua?"

"Si ndiyo nakwambia!"

"Usinifokee, mzee, pete sikugonga mimi. Sasa shida iko wapi? Nikikufumia sweta nahesabu mistari iliyobaki, sihesabu niliyomaliza. Unataka kukata arobaini? Anzia arobaini, zungusha mpaka sifuri, simama. Basi."

Wilfred akazungusha mpini kutoka arobaini mpaka sifuri. Miaka yote hiyo alikuwa akijumlisha kichwani kama mjinga.

"Halafu hapo kwenye sifuri," Nora akasema, sauti imeshuka, "chimba mfuo kwa tupa. Siku ikifika, mpenzi, kidole kitasoma."

Siku hiyo haikuwahi kutajwa ndani ya nyumba ile. Wilfred aliogopa mno, na kumbe mkewe alikuwa akiogopa pamoja naye muda wote. Alichukua tupa.

Jumamosi Pickles alifika na kamba na tepu ya kupimia, akapewa chai na keki.

"Haiuzwi," Nora alimwambia. "Kula keki."

Kibandani, Wilfred alikuwa amefumba macho kabisa. Alizungusha taratibu, kidole juu ya shaba, mpaka kikatumbukia kwenye mfuo wa sifuri. Nora alikuja akasimama nyuma yake, akainama kuangalia namba.

"Nimefika?" akauliza Wilfred.

"Umefika."